Thimlich Ohinga: ngome isiyo na saruji wala kabila

Mwulize Mkenya yeyote aliyepitia shule akutajie ngome moja ya kihistoria. Atakuambia Fort Jesus, tena bila kusita. Atakutajia Wareno, atakutajia Mombasa, na kama alikuwa anasikiliza darasani atakupa na mwaka wa kuanza ujenzi: 1593. Sasa mwambie akutajie ngome ya pili. Hapo utaona mtu anakuna kichwa.

Ya pili ipo, na yaelekea ni ya karne hiyo hiyo ya 16. Iko mbali na bahari, upande wa pili kabisa wa nchi, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, kwenye mteremko wa kilima katika eneo la Ziwa Victoria. Inaitwa Thimlich Ohinga. Haikujengwa na mgeni yeyote kutoka ng'ambo. Haikuwahi kuwa na mizinga. Fort Jesus tunaambiwa ilichorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Hii ya Migori haina jina la fundi hata mmoja kwenye kitabu chochote. Lakini kuta zake bado zimesimama, na zimesimama bila tone la saruji, bila chokaa, bila udongo wa kugandisha jiwe na jiwe.

Mimi ni mtu wa magazeti, na nikiri kwamba Migori kwetu sisi wa magazeti ni mji wa habari za aina tatu. Kuna dhahabu ya Macalder, kuna magendo ya mpakani Isebania, na kuna siasa. Ngome haimo. Ndiyo maana nimeamua kuiandikia leo, kwa sababu naona kuna jambo moja ndani ya zile kuta ambalo sisi vijana wa mjini, tunaojiita wasomi, tunalihitaji kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jina. Katika Dholuo, thim ni msitu au pori, na lich ni kitu cha kutisha. Thimlich basi ni pori la kutisha. Ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta, mahali pa kukimbilia. Zikiwa nyingi huitwa ohingni. Ukiyaunganisha maneno hayo unapata picha kamili: watu walikuwa wanaishi kandokando ya pori linaloogopesha, wakajijengea kimbilio la mawe.

Na walijenga! Kuta zina urefu wa kwenda juu kati ya mita 1.5 na mita 4.5. Hebu fikiria hizo mita nne na nusu. Panda juu ya mabega ya rafiki yako, bado hutaweza kuchungulia ndani. Unene wa ukuta ni kama mita moja kwa wastani. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Yalichukuliwa kama yalivyo, makubwa kwa madogo, mengine ya duara na mengine yenye kona, yakapangwa kwa hesabu. Upande wa nje kuna safu ya mawe makubwa, upande wa ndani kuna safu nyingine, na katikati wakashindilia mawe madogo madogo ili zile safu mbili zishikane. Ukuta haukuendeshwa kwa mstari ulionyooka kama ukuta wa shule. Unapinda pinda, unaingia na kutoka, na kule kupinda ndiko kunakoupa nguvu ya kusimama wenyewe. Pale ulipohitaji msaada, waliuwekea nguzo za mawe za kuuegemeza.

Wapo watakaosema, aah, mawe tu hayo. Basi mtu huyo aende nyuma ya nyumba yake, akusanye mawe, apange ukuta wa urefu wa kiuno chake bila kutumia simiti, kisha aniambie umekaa misimu mingapi ya mvua. Hawa wa Thimlich wamekaa na mvua za masika za karibu miaka mia tano. Na sababu moja ya ukuta kudumu ni kule kukosa saruji ambako sisi tunakuona kama upungufu. Maji ya mvua yanapita kati ya mawe na kutoka. Hayakai ndani yakausukuma ukuta. Ardhi ikicheza kidogo, mawe nayo yanacheza kidogo na kutulia tena. Ukuta wa saruji ungepasuka.

Milango nayo ilikuwa na akili yake. Ni mifupi na myembamba, na juu yake yamelazwa mawe marefu kama boriti. Huwezi kuingia ukiwa umesimama wima. Lazima uiname. Sasa fikiria wewe ni adui, umekuja usiku na mkuki wako, na njia ya pekee ya kuingia ni kuinamisha kichwa na kutanguliza shingo kwa watu wasiokutarajia kwa wema. Na karibu na mlango, kwa ndani, paliinuliwa mahali pa mlinzi kusimama na kuangalia wanaokuja. Jeshi la uvamizi likawa linalazimika kuingia mtu mmoja mmoja, tena kwa kuinama.

Ukishaingia, unagundua kwamba hii haikuwa ngome ya askari. Ilikuwa ni kijiji. Kuna mabonde madogo ardhini yanayoonyesha nyumba zilipokuwa. Kuna kuta ndogo za ndani zilizogawanya maboma ya familia, na kuna mazizi ya ng'ombe. Kuna dalili za ufuaji wa chuma. Kuna hata mashimo yaliyochimbwa kwenye mwamba kwa ajili ya ajua, ndugu yake bao letu. Yaani wazee walikuwa wanakaa pale wanacheza, wanabishana, wanatuhumiana kuibiana kete, kama wazee wa leo tu wanaocheza drafti chini ya mwembe. Wanaakiolojia walipochimba walikuta vigae vya vyungu, mifupa ya mifugo na ya wanyama wa porini, na shanga za kioo zilizotoka nchi za mbali. Hizo shanga hazikuota Migori. Watu wa ndani ya ukuta ule walikuwa wameunganishwa na biashara ya dunia kabla ya mtu yeyote kuja kuwaambia kwamba kuna dunia.

Eneo linalohifadhiwa lina hekta 21, kama ekari 52 hivi, na ndani yake kuna ohingni kubwa nne zinazojulikana kwa majina ya Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndiyo kuu. Lakini, msomaji, usidhani Thimlich iko peke yake. Utafiti uliofanywa katika eneo la Nyanza Kusini ulihesabu mahali 138 penye maboma ya mawe ya namna hii, na ukipahesabu jengo kwa jengo unapata 521. Mia tano ishirini na moja! Hatuzungumzii ajabu moja iliyoanguka kutoka mbinguni. Tunazungumzia ustaarabu mzima wa ujenzi, uliosambaa kwenye vilima kwa mamia ya miaka, na ambao haukuzimika kabisa mpaka katikati ya karne ya 20.

Sasa swali ambalo kila Mkenya atauliza, maana tunajijua: walikuwa KABILA GANI?

Hapa ndipo penye utamu. Leo eneo lile ni la Waluo, na jina lenyewe ni la Kiluo. Lakini watafiti wengi wanaona kwamba walioanza kupanga yale mawe yawezekana walikuwa ni wasemaji wa lugha za Kibantu, waliokuwa wakiishi pale kabla ya Waluo kuenea Nyanza Kusini. Kisha walihama, wakaja wengine, nao wakaondoka, wakaja wengine tena. UNESCO walipoiandika Thimlich katika Orodha ya Urithi wa Dunia, mojawapo ya sababu walizozitaja ni hiyo hiyo: kwamba mahali hapa panashuhudia jinsi watu wa asili mbalimbali za lugha walivyokaa kwa kupokezana katika bonde la Ziwa Victoria.

Na kila waliokuja walifanya nini? Walikuta ukuta. Wangeweza kuubomoa wakasema huu ni wa wale. Wangeweza kuuacha uanguke. Badala yake waliinua mawe yaliyokuwa yameporomoka wakayarudisha, wakaongeza vyumba pale palipohitajika, wakaendelea kuishi. Waliofuata wakafanya vivyo hivyo. Ukuta unaouona leo umejengwa na mikono ya watu ambao pengine wasingeelewana hata salamu.

Mimi jambo hili linanigusa sana. Sisi ni kizazi kilichoona nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kwa hoja ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, nani alitangulia na nani arudi kwao. Na muda wote huo, kule Migori, kulikuwa na ushahidi wa mawe kwamba hakuna kipande cha ardhi katika nchi hii ambacho hakijawahi kuwa cha mtu mwingine, na kwamba waliokipokea kwa busara ni wale walioendelea kukitengeneza.

Swali la nani alijenga lina historia yake chungu barani mwetu. Tazama Great Zimbabwe, ambayo kuta zake za mawe yasiyo na saruji zinafika mita 11. Mjerumani Karl Mauch alipofika pale mwaka 1871 alianza kuwaza habari za Malkia wa Sheba. Baadaye wakoloni wakasema ni Wafoinike. Yeyote, ilimradi asiwe Mwafrika! Mwaka 1929 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba akathibitisha kwamba waliojenga ni Waafrika wa hapo hapo, na bado serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kuwabana watafiti waliosema hivyo. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ilijiita kwa jina la kuta zile.

Thimlich haikupata bahati mbaya ya kuporwa namna hiyo. Ilipata bahati mbaya ya kutojulikana. Maandishi ya kitaalamu juu ya majengo ya mawe ya Nyanza Kusini yalianza kutoka miaka ya 1960. Laurel Lofgren aliandika katika jarida la Azania mwaka 1967. Mwaka 1986 mwanaakiolojia wetu Simiyu Wandibba akaandika juu ya Thimlich katika jarida hilo hilo. Kisha Isaya Onjala akaja na utafiti mpana juu ya mtawanyiko wa maboma haya, uliochapishwa mwaka 2003. Ni kazi nzuri za watu makini, lakini kati ya jarida la Azania na mwananchi wa kawaida kuna umbali mrefu kuliko ule wa kutoka Nairobi hadi Migori.

Kwa nini watu waliacha kuishi ndani ya kuta? Sehemu ya jibu ni kwamba dunia iliyozihitaji kuta ilikwisha. Mfano mzuri uko kaskazini, juu ya mji wa Webuye, kwenye kilima cha Chetambe. Babukusu walikuwa na ngome zao za handaki na kuta za udongo, na ziliwafaa dhidi ya maadui wenye mikuki. Mwaka 1895 Waingereza wakiongozwa na Charles Hobley waliwashambulia Lumboka na kisha Chetambe wakiwa na bunduki za kisasa. Ngome haikuwaokoa. Baada ya hapo kuishi nyuma ya ukuta hakukuwa na maana tena. Mwenye bunduki alikuwa mmoja, naye ndiye aliyesema amani imekuja. Kusini, watu nao polepole wakatoka ndani ya ohingni, wakajenga nje, wakazungushia maboma yao ua wa miti. Ukuta ukabaki peke yake.

Na hapo ndipo shida ya uhifadhi inapoanzia, shida ambayo naona wengi hatuielewi. Tunadhani ukuta wa miaka mia tano umedumu kwa sababu ni imara. Ni kweli ni imara, lakini umedumu zaidi kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu ndani yake wa kuurudishia mawe. Jiwe moja likichomoka kwenye ukuta usio na saruji, jirani yake linalegea. Likilegea hilo, la tatu linafuata. Mwenye nyumba akiliona asubuhi analirudisha kabla ya chai, na mambo yamekwisha. Asipokuwepo mwenye nyumba, baada ya misimu michache una rundo la mawe mahali palipokuwa na ukuta.

Maadui wa sasa hawana mikuki. Kuna miti inayoota ndani ya ngome na pembezoni mwa kuta, ile mikubwa yenye umbo la kinara cha mishumaa na utomvu mweupe unaowasha macho. Mizizi yake inasukuma mawe, na mti wenyewe ukianguka unaangukia ukuta. Kuna mifugo inayopanda juu ya kuta ikitafuta malisho. Kuna mvua. Na kwenye maboma yale mengine yasiyo na mlinzi, kuna binadamu anayehitaji mawe ya msingi wa nyumba na anayaona yamelala tu, tayari yamekusanywa na mababu.

Tusiseme hakuna kilichofanyika. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliiweka Thimlich katika orodha yake ya turathi 100 zilizo hatarini duniani, na kuta zilizokuwa zimeanguka zikaanza kutengenezwa. Mwaka 2006 ikatungwa Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi, ambayo ndiyo inayoilinda. Mwaka 2015 Kenya ilipeleka ombi UNESCO, likarudishwa likafanyiwe kazi zaidi. Hatukukata tamaa. Mwaka 2018, katika kikao cha Manama, Bahrain, Thimlich Ohinga ikaandikwa rasmi kuwa Urithi wa Dunia, ikajiunga na Mji Mkongwe wa Lamu, makaya ya Wamijikenda na ile Fort Jesus tunayoikariri darasani.

Ni heshima kubwa. Lakini cheti cha UNESCO hakirudishi jiwe lililoanguka.

Kwangu mimi maswali matatu yamebaki. La kwanza ni la yale maboma mengine. Moja limeandikwa na dunia nzima. Zaidi ya 130 hayana heshima hiyo. Katiba ya 2010 inaipa serikali kuu jukumu la majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti nazo zina jukumu la shughuli za utamaduni na makavazi. Kati ya ngazi hizo mbili, boma dogo lililoko shambani kwa mtu linaweza kupotea kabisa kila mmoja akisubiri mwenzake aanze.

La pili ni la ufundi. Kupanga mawe bila saruji ni kazi ya mikono inayorithiwa kwa kutazama na kutenda. Ukimleta mkandarasi na lori la simiti umeua kitu hicho hicho ulichokuja kukiokoa. Kwa hiyo kuhifadhi Thimlich maana yake ni kuhakikisha kwamba katika vijiji vinavyoizunguka kuna vijana wanaojua jiwe lipi likae juu ya lipi, na wanaolipwa kwa kulijua. Mtalii akija akalipa kiingilio, na mama wa pale akauza chai na samaki, na kijana akalipwa kwa kurekebisha ukuta, basi hakuna atakayebeba mawe kwenda kujengea choo.

La tatu ni letu sisi. Tumekubali kwamba historia ya Kenya inaanzia pwani, kwa sababu pwani ndiko walikofika watu wenye kuandika. Vasco da Gama alifika mwaka 1498, tunajua. Huku bara tunaambiwa kulikuwa na "uhamaji wa makabila", mishale mingi kwenye ramani, Wabantu kutoka huku na Waniloti kutoka kule, kama vile watu walikuwa wanatembea tu miaka mia tano bila kukaa mahali. Thimlich inatuambia walikaa. Walikaa wakapima, wakapanga, wakafua chuma, wakanunua shanga, wakacheza ajua. Hawakutuachia barua. Walichotuachia ni ukuta, na ukuta ukianguka hakuna nakala yake kwenye kabati la Lisbon wala London.

Kwa hiyo, wewe unayepanga kwenda Mombasa kwa mara ya nne Desemba hii, nakuomba safari moja uielekeze magharibi. Fika Migori, ulizia Thimlich. Chukua watoto kama unao. Ukifika mlangoni utalazimika kuinama ili uingie. Inama tu, hakuna aliyeshika rungu siku hizi. Kisha tazama ukuta wa ndani, tafuta mahali penye mawe ya rangi tofauti kidogo, palipowahi kubomoka pakajengwa upya. Usiulize waliorekebisha hapo walikuwa kabila gani. Uliza kama sisi tutaweza kufanya kama wao.